Siku Mume Wangu Alipoganda Katikati ya Daraja

Mume wangu aliganda katikati ya daraja huku mto ukipanda, na mimi ndiye niliyekuwa namkimbia.

Naomba msinihukumu mpaka nimalize.

Naitwa Tazue, nina miaka sitini na tatu. Tunaishi Japani, kando ya mto Shimanto, huku juu milimani. Nyumba yetu iko upande mmoja, kituo cha basi kiko ng'ambo. Katikati kuna daraja la zege, liko chini chini, halina kingo hata kidogo. Walilijenga hivyo makusudi: mto ukifurika, maji yapite juu yake yasilivunje.

Mitsugu, mume wangu, alikuwa mvuvi wa mto huu. Ugonjwa wa Pakinsoni ulimwanza miaka tisa iliyopita. Ulianza na mkono. Ukaja kwenye sauti. Mwisho ukashika miguu.

Anatembea vizuri, ghafla nyayo zinanasa sakafuni kama zimepakwa gundi. Anaweza kusimama mlangoni mwa choo dakika kumi. Anataka kuingia, miguu imegoma.

Mimi ndiye niliyemvisha, nikamlisha, nikamgeuza kitandani. Binti yetu Chizu, aliyeko Osaka, akipiga simu namwambia, "Huku tuko sawa."

Uongo mtupu.

Asubuhi hiyo ya Septemba Mitsugu akamwaga supu. Mara ya tatu wiki hiyo. Jamani, ni supu tu! Lakini nililipuka.

"Baba Chizu, hivi mimi humu ndani ni nani? Mke au tambara la kudekia?"

Akanitazama tu. Uso wake siku hizi hauonyeshi kitu, ugonjwa umeukausha. Mimi nikauona kama dharau.

Nikadeki. Nikamwachia wali mezani. Nikamwambia naenda dukani.

Begi nilikuwa nimelipanga tangu juzi.

Nikavuka daraja bila kugeuka, begi mkono mmoja, mwavuli mkono mwingine. Mpango wangu ulikuwa niende kwa dada yangu mjini Kochi, nikifika nimpigie Chizu: njoo umchukue baba yako, mimi basi.

Basi halikuja. Huko juu mvua ilikuwa imenyesha siku mbili mfululizo. Vipaza sauti vya kijiji vikaanza kulia: "Maji yanapanda. Msivuke daraja la chini. Tunarudia, msivuke."

Mzee Iwakichi, jirani wa upande ule wa kituo, alikuwa anafunga boti yake. Akalitazama begi langu.

"Shemeji, unahama nchi?"

Kabla sijajibu, kicheko chake kikakatika. Ananyoosha kidole.

"Yule si Mitsugu?"



Alikuwa katikati ya daraja. Amevaa kandambili. Ameinama mbele, mikono kifuani, hasogei. Chini yake maji ya kahawia yamebakiza shubiri moja tu yafike juu, yanabeba magogo.

Nikajua amekuja kujitupa. Na nikajua ni kwa ajili yangu.

Nilikimbia. Nyuma nasikia, "Shemeji, rudi! Ngoja nichukue kamba!" Nani angoje?

Nilipomfikia nilitaka kumvuta. Nikajizuia. Mtu aliyeganda ukimvuta anaanguka, na pale kuanguka ni kwenda na maji. Nikakumbuka maneno ya yule dada wa mazoezi ya viungo hospitalini: weka kitu mbele ya mguu wake, mwambie avuke. Nyumbani niliona ni upuuzi.

Nikalaza mwavuli wangu mbele ya vidole vyake.

"Baba Chizu, niangalie mimi. Achana na maji. Ruka huu mwavuli."

"S... siwezi."

"Umeruka mawe ya mto huu miaka arobaini, leo mwavuli ndio ukushinde?"

Mguu wa kulia ukatetemeka, ukatetemeka... ukanyanyuka.

Akapiga hatua nne. Akanasa. Nikauweka tena. Hatua tatu. Akanasa.

Halafu maji yakapanda juu ya daraja. Yakatufunika vifundo vya miguu, yakauchukua mwavuli mbele ya macho yangu.

Sikuwa na kitu kingine. Nikamshika mikono yote miwili, nikatanguliza mguu wangu, nikaukingamisha mbele ya wake.

"Ruka mguu wangu. Ukinikanyaga leo utanitambua!"

Wallahi, pembe ya mdomo wake ilicheza. Alikuwa anacheka!

Nilitembea kinyumenyume, sioni ninakokwenda. Sauti ya Iwakichi ndiyo ilikuwa macho yangu: "Kushoto kidogo, shemeji! Umezidisha! Hapo hapo, njoo!" Maji yalipofika katikati ya miundi, akatudaka. Kiunoni amejifunga kamba. Akatuvuta wote wawili kama wavu.

Nilipogeuka, daraja halikuonekana tena. Mto mtupu.

Kwa Iwakichi tulivikwa mablanketi. Mimi ndiye niliyekuwa natetemeka kumzidi mgonjwa.

"Ulitaka kufa?" nikamuuliza.

Akatikisa kichwa. Mkono ukaingia kifuani, ukahangaika humo, ukatoka na kifuko cha plastiki. Kimefungwa mafundo matatu, na vidole vinavyoshindwa hata kifungo cha shati.

Ndani yake, miwani yangu ya kusomea.

"Umeisahau," akasema taratibu. "Huko kwa dada yako... utasomaje?"



"Ulijua naondoka?"

"Begi nililiona... juzi."

"Na hukunizuia?"

Akaisukuma miwani kuelekea kwangu. 

"Umechoka, Mama Chizu. Nakuona."

Alikuwa ananiletea miwani, halafu arudi zake peke yake kula ule wali.

Siku hiyo hiyo nilimpigia Chizu nikamwambia ukweli wote, nalia kama mtoto. Sasa muuguzi anatumwa kwetu mara tatu kwa wiki. Alhamisi nalala kwa dada yangu, na naaga mlangoni kama mtu mzima. Mitsugu hajapona, wala hatapona. Supu bado inamwagika.

Wewe unayemuuguza mtu wako, usidhani uso ulionyamaza hauoni. Mwambie umechoka, na umwambie mapema. Mimi nilihangaika miaka tisa kumficha kitu alichokuwa anakitazama kila siku.