Watoto Waliojua Kadi

Kadi za maneno nilizikata mwenyewe kutoka kwenye katoni za mafuta ya kupikia, nikaandika kwa kalamu nzito: mama, maji, nyumba, watu, na mengine hadi yakafika ishirini. Ilikuwa Kithimani, mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa mwalimu wa nasari, bila cheti lakini na maringo ya kutosha. Mwalimu mkuu alikuwa amenionya kwamba wazazi wasipoona watoto wakisoma, watawahamisha, nami nitafute kazi kwingine.

Muhula wa pili kadi ya "nyumba" ilipotea. Nikaandika nyingine, safi. Darasa zima likanikodolea macho. Ndipo nilipogundua kwamba hawakuwa wakisoma hata kidogo. Walizijua kadi tu. Iliyotafunwa pembeni na mchwa ilikuwa "maji". Yenye doa la chai, chai yangu mwenyewe, ilikuwa "watu". Ningeweza kuanza upya. Badala yake niliisaka ile kadi ya zamani mpaka nikaipata nyuma ya kabati, nikashukuru Mungu. Naona haya hata kuandika hivyo.

Siku ya kufunga shule nilimsimamisha msichana mmoja wa miaka sita mbele ya wazazi. Alisoma kadi zote ishirini bila kukwama. Makofi yakapigwa, nami nikavimba kichwa. Mama yake, muuza nyanya aliyeishia darasa la tatu, alikuja mbele akicheka kwa furaha. Akatoa Biblia kwenye mkoba, akatafuta kwa kidole mpaka akapata neno "watu".

"Haya, soma na hapa."

Mtoto alitazama ukurasa, akaugeuza, akatazama upande wa pili. Kisha akaninong'oneza, kwa sababu aliniamini: "Mwalimu, hii haina chai."

"Anasema nini?" mama akauliza.

Mwalimu mkuu alikuwa amesimama mlangoni. Nikasema, "Anajua, mama. Ni kiburi tu. Siku hizi ameanza kiburi."

Mtoto aliniangalia. Mama yake alimvuta sikio mbele ya watu wote, kisha akanigeukia, macho chini.

"Pole sana, mwalimu. Kumbe unateseka na huyu mtoto na mimi sijui. Wacha tufike nyumbani, nitamnyorosha."

Nilijua atamnyorosha vipi. Nikamwambia asante, nikamwita mtoto mwingine.