Mavazi Rasmi ya Kuchanja Ng'ombe

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Ikutha, nilivaa gauni la krimu lenye marinda, soksi za nailoni na viatu vya kisigino. Mama alilipiga gauni lile pasi ya makaa mara mbili, huku akiniambia kwamba mtu aliyeajiriwa na serikali haendi ofisini kama anayekwenda kuchota maji. Kwetu Ukambani, ukisema unaenda ofisini, watu wa nyumbani wanakuvalisha nguo ya kanisani. Hiyo ndiyo nguo ya heshima wanayoijua. Lakini ofisi niliyopangiwa ilikuwa ya mifugo, na asubuhi hiyo ilikuwa imejaa mbuzi.

Mkubwa wangu, Afisa wa Mifugo wa Tarafa, alikuwa mzee wa maneno machache. Alinitazama kuanzia viatuni hadi kichwani, akauliza, "Umekuja kazi?" Nikasema ndiyo. "Basi shika mbuzi huyo."

Sasa, ninyi vijana mnaosoma haya labda hamjawahi kumshika mbuzi wa kunyweshwa dawa ya minyoo. Humshiki kwa mikono tu. Unamweka katikati ya miguu, unambana mbavu kwa magoti, unamwinua kidevu, na mwenzako anamtilia dawa kwa bomba upande wa shavu ili asipaliwe. Fanyeni hivyo mkiwa na gauni la marinda. Kufikia saa sita gauni lilikuwa na rangi ya kinyesi na kisigino kimoja kilikuwa kimebaki kwenye matope. Mzee hakunionea huruma, wala hakunirudisha nyumbani. Jioni alisema tu, "Kesho vaa suruali. Lakini umeshika vizuri."

Nililia njia nzima. Mama hakunisemesha hadi Jumapili. Nikaapa kwamba nikiwa mkubwa wa watu, hakuna mtoto wa mtu atakayeharibiwa nguo nzuri mikononi mwangu. Kiapo hicho nilikishika miaka yote, na ndicho kilichonitia aibu ninayotaka kuwaeleza.

Kutoka Ikutha nilihamishiwa Nuu. Huko Afisa wa Mifugo wa Wilaya alikuwa akitoka Mwingi kuja kutukagua, na alikuwa na ugonjwa wa tai. Wanaume wote tai, wanawake wote sketi ya kupita magoti, hata siku ya chanjo. Alikuwa akisema mtumishi wa umma ni mtumishi wa umma hata mbele ya ng'ombe. Siku moja akainama juu ya krashi, yaani ule ujia mwembamba wa mbao tunamowabana ng'ombe mmoja nyuma ya mwingine. Fahali akainua kichwa, pembe ikanasa tai, na bwana mkubwa akavutwa mpaka kifua kikagonga mbao. Mchungaji mmoja akaikata kwa kisu. Ziara iliyofuata alikuja shingo wazi, na habari ya sketi haikutajwa tena.

Msidhani mimi nilikuwa mwerevu kuliko yeye. Huko Nuu alikuwako mfanyabiashara wa ng'ombe, Mwislamu aliyetoka pande za kaskazini mashariki, na binti yake Halima alikuja kumsaidia siku ya chanjo akiwa na buibui. Nikamwambia, mbele za watu, kwamba nguo ile haiingii kwenye krashi yangu. Halima hakubishana. Aliifunga kiunoni kwa kamba, na ndani alikuwa na suruali ngumu. Akachomeka mtandio kwenye kola, akavua bangili, akampa babake amshikie. Akafanya kazi kuwashinda wasaidizi wangu wawili. Ng'ombe hana haja na urefu wa nguo yako. Ana haja na kinachoning'inia, na wewe mwenyewe una haja ya kutoteleza. Basi, mambo yote ya mavazi ya kazi yetu ni hayo, na bado watu wameshindwa kuyaelewa hadi leo.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Kambu, nikiwa Afisa wa Mifugo wa Wadi. Wakati huo shule zilikuwa zimeanza kutuletea wanafunzi kwa siku moja. Mwanafunzi anakufuata tangu asubuhi hadi jioni, anaona kazi ilivyo, na jioni unamwandikia maoni kwenye fomu na kutia sahihi. Mpango mzuri sana, siupingi. Lakini mavazi, jamani! Mmoja alikuja na raba nyeupe, na kila tukitoka boma moja anatafuta bomba la maji azioshe huku chanjo inapata joto. Mwingine alijimwagia marashi, tukaingia kwenye boma la mzee mwenye mizinga ya nyuki. Nyuki hawapendi marashi. Tulikimbia wote, mimi na magoti yangu haya, na ng'ombe wa watu wakabaki na kamba shingoni.

Nilikuwa nikiwapigia walimu simu na kugomba. Kila mwalimu alinijibu neno lile lile, kwamba wanafunzi wamevaa walivyoagizwa. Nikawa najiuliza ni mpumbavu gani huyo anayewaagiza.

Ndipo akaja Ndanu.

Siku moja kabla, mwalimu wake alinipigia simu kunieleza habari zake. Ndanu alikuwa kidato cha tatu. Wenzake wote walikuwa wameomba benki na hospitali, yeye peke yake akaomba mifugo. Babake hakutaka kusikia habari ya msichana kushinda na ng'ombe. Baada ya kuombwa sana, mzee alisema jambo moja: Daktari akiandika kwenye fomu kwamba msichana huyu ameshika wanyama na kazi anaiweza, atamruhusu aombe nafasi chuo cha mifugo. Asipoandika, hayo maneno yaishe. Daktari ni mimi, ndivyo watu wa mifugo tunavyoitwa vijijini. Nilisikia vizuri kabisa, sitajidai sikusikia.

Asubuhi nikamkuta mlangoni amevaa suti ya maruni, blauzi nyeupe ya marinda, soksi za nailoni na viatu vyeusi vinavyong'aa. Siku hiyo tulikuwa tunachanja homa ya mapafu. Chanjo ile inawekwa kwenye barafu, na ukishaichanganya saa zake ni chache, haingojei mtu arudi nyumbani kubadilisha. Nikawaka.

"Nani amekutuma kwangu ukiwa umevaa hivi?"

Akafungua mkoba, kama anayetaka kunionyesha kitu. Nikainua mkono kumnyamazisha. Nikauliza suti ni ya nani.

"Ya mama, Daktari. Ni ya kwaya."

Hapo nikaliona gauni langu la krimu na uso wa mama. Nikamwambia atabaki ofisini, apange mafaili, apokee simu. Sauti yake ikapungua. Akasema atavua koti, atakunja sketi, hata peku atakwenda. Nikamuuliza kama anataka kutembea peku kwenye miiba na kinyesi, kisha mamake aje kunilaumu mimi. Msaidizi wangu Mutua, aliyekuwa akipakia kasha la barafu, akaniambia polepole kwamba ana ovaroli na gambuti za ziada ndani ya gari. Nikamjibu tumechelewa. Hatukuwa tumechelewa hivyo. Nilikuwa na hasira, na nilijiona mtu mwema anayeokoa suti ya kwaya.

Tukachanja hadi saa nane. Tukiwa njiani kurudi, mkulima mmoja akatusimamisha: mtamba wake alikuwa na uchungu tangu alfajiri na ndama hatoki. Nikavaa glavu ndefu ya kufika begani, nikaingiza mkono. Kichwa cha ndama kilikuwa kimegeuka nyuma. Hapo huvuti, ukivuta utawaua wote wawili. Unamsukuma ndama arudi ndani kwanza, unakipapasa kichwa, unakigeuza kielekee njia, ndipo unafunga kamba miguu ya mbele na kuvuta kila mama anaposukuma. Mkono wangu ulikuwa umeanza kuvimba viungo, na wa Mutua ni mnene. Mtamba, ng'ombe anayezaa mara ya kwanza, anataka mkono mdogo. Nilihangaika karibu saa nzima nikimfikiria msichana niliyemwacha ofisini na vidole vyake vyembamba. Ndama alitoka hai, lakini alitoka kwa bahati.

Tulifika ofisini saa kumi na nusu. Mafaili yalikuwa yamepangwa kwa kata na kwa magonjwa, jambo ambalo karani wetu alikuwa ameshindwa miaka yote. Ndanu akasimama, akanipa fomu. Mahali pa kazi alizofanya alikuwa ameandika kwa mwandiko safi: Kupanga mafaili. Kupokea simu nne. Kuwaambia wakulima Daktari hayupo.

Kisha akafungua ule mkoba wa asubuhi, akatoa barua. "Hii ndiyo nilitaka uone, Daktari. Mama alisema tuifuate vile imesema."

Barua ilikuwa ya ofisi yetu kwenda shule. Mstari wa tatu ulisema mwanafunzi afike akiwa amevaa mavazi rasmi ya ofisi, na asiyefanya hivyo atarudishwa. Chini kulikuwa na sahihi. Ilikuwa yangu.

Nikakumbuka. Kila muhula karani alikuwa akitoa barua moja kwa idara zote, ya kilimo, ya ardhi, ya mifugo, ananiletea rundo, nami natia sahihi nikiwa nimesimama mlangoni na funguo za gari mkononi. Sikuwahi kusoma hata moja. Mpumbavu niliyekuwa nikimtafuta, kumbe nilikuwa nikinawa naye uso kila asubuhi. Yule wa raba nyeupe, yule wa marashi, wote niliwaagiza mwenyewe.

Nikampigia mwalimu, nikaomba siku nyingine. Akasema ruhusa ilikuwa ya siku moja, na Jumatatu mitihani inaanza. Ndanu alikuwa ananitazama. Nilitaka kuandika kwamba ameshika ng'ombe na ameweza, lakini fomu ya serikali sijawahi kuiandikia uongo, na sikujua kama anaweza, kwa sababu sikumpa nafasi ya kujaribu. Nikaandika hivi: "Ana bidii na nidhamu. Amepanga mafaili vizuri sana." Nikatia sahihi. Siku hiyo nilisoma kila neno kwanza, wakati kusoma hakusaidii tena.

Nilijiambia nitakwenda kuongea na babake. Wiki iliyofuata ukazuka ugonjwa wa miguu na midomo, soko likafungwa, tukawa barabarani mchana kutwa. Halafu likaja hili na lile. Halafu nikastaafu. Sikwenda.

Barua ile niliibadilisha kabla sijaondoka. Siku hizi shule zikinialika nawaambia wanafunzi wampigie simu mtu watakayemfuata, wamuulize: kesho tutakuwa wapi, na tutafanya nini? Wavae jibu watakalopewa. Benki, vaa suti. Boma, vaa suruali nzito na gambuti, ufunge nywele, uache hereni nyumbani. Na ninyi wakubwa wa kazi, wekeni ovaroli ya ziada, na mtoto akikosea mavazi mpeni, kisha mumpeleke kazini hivyo hivyo. Nguo inafuliwa. Nayasema haya kila mahali, na bado wiki jana nimemwona kijana amesimama kando ya krashi na tai ya babake. Nimechoka.

Mwezi uliopita nilikwenda ofisi za serikali mjini Wote kuchukua kibali cha kuhamisha mbuzi wangu. Kaunta ilikuwa na msichana wa suti ya kijivu, kola imenyooka, nywele zimebanwa nyuma. Alikuwa amevaa sawasawa kabisa kwa kazi yake, sikuona la kukosoa. Yeye ndiye aliyenitambua kwanza. Akazunguka kaunta, akaniletea kiti, akasema, "Shikamoo, Daktari. Mimi ni Ndanu."

Nikaitikia. Nikamuuliza, chuo cha mifugo je?

"Baba alisoma ile fomu," akasema. Hakuwa na uchungu, alisema tu kama mtu anayeeleza safari ya zamani. "Akasema, hata Daktari mwenyewe ameona wewe ni mtu wa ofisi."

Akachukua karatasi zangu, akauliza kama mbuzi wamechanjwa, nikasema wamechanjwa. Akagonga muhuri, akanipa kibali kwa mikono miwili.