Mtu wa Darajani

Harufu ya plastiki iliyopata moto hunirudisha kwenye kibanda cha gemu pale Lushoto, mimi na dada yangu tumebanana kwenye benchi mbele ya TV ya zamani ya chogo. Katika mchezo wetu wa magari, daraja lilifunikwa na ukungu, na ndani ya ukungu alisimama mtu. Nyumbani tulifundishwa kuamkia kila kivuli tunachokutana nacho kwenye ukungu, maana huwezi kujua kama ni mkubwa wako. Kwa hiyo kila tukifika darajani dada alipunguza mwendo, akasema, "Shikamoo." Tulishindwa kila mbio. Aliapa kwamba siku moja aliitikiwa.

Leo mwanangu ameweka mchezo uleule kwenye mashine yake mpya.

"Mama, ona gari linavyoteleza. Na picha yote imesafishwa."

Ukungu haupo. Darajani, pale aliposimama yule mtu, kuna nguzo tu, inang'aa mno. Siiamini mashine hii. Kama iliweza kufuta ukungu, ingeshindwaje kumwondoa mtu, ikasimika nguzo mahali pake?

"Pita tena," nikamwambia. "Polepole."

Alipofika darajani nikasema, "Shikamoo."

Mwanangu akacheka. Kisha akanitazama usoni, akapunguza sauti ya TV ili tusikie.