Ndala Mlangoni mwa Duka la Viatu

Mama yangu huvua viatu popote anapokuta sakafu inayong'aa. Benki huvua, zahanati huvua, na siku moja alivua ofisi ya kata mpaka mtendaji akamsihi avae asije akachomwa na pini. Anasema kuna mtu aliamka alfajiri akapiga deki pale, na si vizuri kumkanyagia kazi yake kwa vumbi la kijijini kwetu Ikungi. Nimemkataza mpaka nimechoka.

Basi harusi yangu ilipokaribia, nilimleta Singida mjini kununua viatu. Jambo lenyewe halikuwa dogo. Alikuwa ameshatangaza kwamba kwa miguu yake ile, iliyopanuka kwa kulima alizeti na kupasuka visigino, hatakaa meza ya mbele ukumbini. Atakaa nyuma na wapishi, basi. Nami nilitaka akae mbele, watu wamwone aliyenizaa. Nilililia hilo kuliko gauni.

Tulipofika dukani nilibaki nje kupokea simu ya mtu wa mapambo, yeye akatangulia. Nilipoingia nilikuta ndala zake zimepangwa vizuri mlangoni, na mwenyewe yuko katikati ya duka, pekupeku, ameshika kiatu cheusi. Muuzaji, binti mdogo kuliko mimi, hakumpa hata shikamoo. Alikipokonya kile kiatu akakirudisha kwenye shelfu.

"Mama, hivi ni vya bei. Vya kwenu viko mnadani."

Pembeni kulikuwa na dada mmoja mwenye miwani ya jua, amezungukwa na maboksi, anajaribu pea baada ya pea. Yeye hakuna aliyemuuliza kitu.

Mimi hasira zangu huwa haziko mbali. Nilimuuliza yule binti kama ameiona pochi ya mama yangu kwenye nyayo zake. Nikamwambia Katiba inakataza ubaguzi, na kwamba mteja ana haki ya kuelezwa bidhaa na bei yake, kisha achague mwenyewe, awe amevaa raba au yuko pekupeku. Nikaongeza kwamba malalamiko ya wateja yana pa kupelekwa, na leo hii nitayapeleka. Sauti yangu nadhani ilifika hadi mitaa ya Mandewa.

Mama akanishika mkono. "Taratibu, mwanangu. Nimekuja kununua viatu."

Kelele zikamtoa mwenye duka stoo, mama mtu mzima. Akamwamkia mama yangu, akasikiliza, kisha akamgeukia binti.

"Bei ya humu ni moja kwa kila mtu. Mletee mama anachotaka."

"Basi nataka kujaribu kama yule," mama akasema, akimwonyesha dada wa maboksi.

Akakaa, akanyoosha miguu. Jamani, alijaribu! Alijaribu vyekundu, vya kamba, vya mchuchumio vilivyomfanya aning'ang'anie begani huku akicheka mpaka machozi. Binti alikuwa amepiga magoti, anasukuma kisigino, anafungua boksi jingine, na ilipofika zamu ya vile vya dhahabu naye akashindwa kujizuia, akacheka. Mwisho mama akachukua vile vyeusi alivyovishika mwanzo.

Tulipotaka kuondoka, binti alitangulia mlangoni, akazichukua zile ndala, akaja kuziweka miguuni pa mama.

"Shikamoo, mama. Unisamehe."

"Marahabaa," mama akaitikia, akaivuta kweli, halafu akamuuliza kwao ni wapi na kama wazazi hawajambo. Walizungumza kama watu wa kijiji kimoja. Mimi nilikuwa bado nimenuna, lakini moyoni nilikuwa na furaha, kwa sababu boksi lilikuwa kwapani mwangu na kisingizio cha kukaa na wapishi kilikuwa kimekwisha.

Siku ya harusi, nilipoingia ukumbini na mume wangu, macho yangu yalikimbilia kwanza kule nyuma kwenye masufuria. Hakuwepo. Alikuwa meza ya mbele kabisa, amejitanda kitenge kipya, anapokea salamu za watu kama waziri.

Sakafu ya ukumbi ilikuwa ya marumaru. Vile viatu vyeusi vilikuwa vimepangwa vizuri kando ya kiti chake, na miguu yake mitupu, na mipasuko yake yote, ilikuwa imetulia sakafuni mbele ya kila mtu.