Safari ya Kuifuta Saini ya Kaka Shabani

Kaka yangu Shabani alinipigia simu mwishoni mwa Mei, nikiwa barazani kwangu Tanga nachambua mchele. Ana miaka zaidi ya ishirini Johannesburg akishona suti za watu, na si mtu wa kulia. Siku ile alilia.

"Zai, nimempa Mbaruku nyumba."

Nikamuuliza kama alitishwa. Hapana. Alidanganywa? Hapana, alisomewa karatasi neno kwa neno.

"Sasa tatizo nini, kaka?"

"Sikutaka. Nilishindwa tu kusema hapana."

Nilikuwa mkalimani wa mahakama mpaka nilipostaafu. Maneno "kwa hiari yangu, bila kushurutishwa" nimeyatafsiri mara nyingi mno, ulimi ukayazoea kuliko jina langu. Sikuwahi kujiuliza yamebeba nini ndani yake. Juma lililofuata nikakata tiketi ya basi.

Siku ya kwanza tulivuka Tanzania yote hadi Tunduma, na miguu yangu ikavimba nikavua viatu. Zambia ilikuwa ndefu, nyasi zimekauka rangi ya ngozi ya simba. Kabla ya Chirundu barabara inashuka milimani, malori yanateremka polepole kama wazee kwenye ngazi, na joto likatupokea pale chini mtoni. Zimbabwe nililala karibu yote. Beitbridge tulipanga foleni tangu alfajiri hadi jua likawa kali. Afisa wa uhamiaji akaniuliza nakuja kufanya nini. Nikamwambia nakuja kumwona kaka yangu aliyepasuliwa jicho. Akagonga muhuri.

Jioni ya siku ya nne tukaingia Johannesburg. Baridi ya Juni ilinipiga kifuani nikakohoa. Shabani alikuwa kituoni, amekonda, jicho moja safi na jingine bado lina ukungu wa mtoto wa jicho. Alinishika mikono yote miwili. Tukapanda teksi hadi Hillbrow, akamwambia dereva atushushe baada ya roboti, yaani taa za barabarani, kisha tukapanda ngazi ghorofa tano kwa kuwa lifti ilikuwa mbovu.

Nyumba ni vyumba viwili, alivinunua kwa sindano na uzi. Huko ndiko alikonisimulia. Macho yote mawili yalipoziba, Mbaruku, mtu wa kwetu Tanga, mlinzi wa jengo moja Randburg, alihamia kumsaidia. Alimpikia, alimpeleka hospitali, alimsomea barua. Simu akaishika yeye. Wageni wakibisha aliwaambia mzee amelala. Miezi ikapita Shabani hasikii sauti nyingine. Ndipo ikaja hati ya zawadi: nyumba iwe ya Mbaruku, naye Shabani akae humo kwa ridhaa ya Mbaruku.

"Nilimwambia tungoje nipone," Shabani alisema. "Akanijibu, 'Kama huniamini, kaka, tafuta mwingine wa kukupeleka hospitali.' Operesheni ilikuwa wiki ile ile. Ningemtafuta nani, Zai, na simu alikuwa nayo yeye? Nilirudishiwa jicho lilipofunguka, ndipo nikakupigia."

Usiku Mbaruku alirudi kutoka kazini na mkate na maziwa. "Shikamoo, dada. Pole na safari." Akanichemshia maji ya kuoga. Nilikuwa nimekuja na hasira tayari, nikakosa pa kuiweka. Mtu huyu kweli alikuwa amemlisha kaka yangu kwa mkono wake.

Jumatatu tukaenda Randburg, kwenye ofisi ndogo ya msaada wa sheria juu ya duka la vitambaa. Wakili alikuwa mama wa Kizulu wa makamo, akaniomba nimwite Sisi Nomvula, yaani Dada Nomvula. Aliisoma hati, akaguna, "Eish." Akasema bado haijasajiliwa, lakini inaweza kusajiliwa ndani ya wiki mbili.

"Nilisomewa, nikaelewa, nikasaini," Shabani alisema, nami nikatafsiri. "Basi si nimekwisha?"

Sisi Nomvula akaweka kalamu chini. Alisema swali hilo lilisumbua mahakimu wa Ulaya kwa karne nyingi. Warumi wa kale walikuwa na dawa mbili: aliyesaini kwa hofu aliweza kurudishiwa chake, na aliyesaini kwa hila pia. Waholanzi wakairithi sheria hiyo, wakaja nayo hapa Kusini. Lakini mtu ambaye hakutishwa wala hakudanganywa, ila utashi wake umelainishwa na yule anayemtegemea, hali yake haikuwa na jina katika sheria hiyo.

"Jina lilitoka Uingereza," aliendelea. "Kulikuwa na mahakama ya dhamiri, na zamani waamuzi wake wengi walikuwa watu wa kanisa. Waliletewa yatima waliowapa walezi wao mali, na waumini waliowapa viongozi wao wa dini kila kitu. Wakasema: saini ni yake, lakini utashi ni wa mwingine. Wakauita ushawishi usiofaa."

Nikamuuliza dhana hiyo ilifikaje huku, nchi ya sheria ya Warumi na Waholanzi.

"Kwa ubishi! Wapo waliosema ni mmea wa kigeni, ung'olewe. Mwishowe mahakama zetu zikaona dawa ya Warumi ya kumrudisha mtu alipokuwa ni pana, inaweza kumfunika na huyu. Hata Waholanzi wenyewe leo wanakataza kutumia vibaya hali ya mwenzio, na Wafaransa si zamani wameandika kwamba kunyonya utegemezi wa mtu ni namna ya kumlazimisha."

Nilitafsiri hayo polepole. Shabani alinyanyua kichwa. "Kwa hiyo si mimi peke yangu niliyekuwa mjinga?"

"Mwambie hakuwa mjinga hata kidogo," Sisi Nomvula alisema. "Lakini hapa mzigo wa kuthibitisha ni wake. Nahitaji mtu aliyeona."

Kesho yake, kwa maelekezo ya Shabani, nikashuka ghorofa ya tatu kwa Mama Esperansi, msusi kutoka Lubumbashi. Alikuwa amemshika mteja kichwa, vidole vinakimbia.

"Mara tatu nilimupelekea chakula, mara tatu Mbaruku alinirudisha mulangoni," alisema. "Siku moja nilisikia mzee anaita jina yangu ndani. Nilishuka tu. Niliogopa kuingilia mambo ya watu." Vidole vikasimama. "Ile sauti haijaniachaka."

"Utayasema hayo kwa wakili?"

Alimaliza kwanza ule msuko. Kisha akavua aproni, akachukua kitambaa cha kichwa. "Twende. Sasa hivi, kabla woga haijarudi."

Alhamisi ya wiki ya pili tukakaa sote ofisini Randburg, Mbaruku, aliyeitwa na wakili, amevaa sare ya kazi. "Sikumlazimisha," alisema. Sisi Nomvula hakupandisha sauti. Alimuuliza nani alimpeleka mzee kusaini. "Mimi," alijibu. Nani alikaa naye chumbani? "Mimi." Kulikuwa na mtu mwingine wa kumshauri? Mbaruku akatikisa kichwa.

"Niliogopa," alisema. "Akipona, nitakwenda wapi? Miaka kumi nalala vyumba vya watu sita."

Shabani ndiye aliyemjibu. "Ungeniambia hivyo, mdogo wangu, ningekupa chumba. Ulininyima hata nafasi ya kukupa."

Karatasi ya kufuta zawadi, aliyoiandaa wakili, ikaletwa. Shabani hakukubali nimsomee. Aliileta karibu na jicho lake jipya, akasoma kila mstari kwa sauti, kwa Kiingereza chake cha kushonea suti, sote tukimngoja. Akasaini. Mbaruku naye akasaini, akaomba radhi, na mwisho wa mwezi akahama. Shabani alimpa godoro na blanketi, akamkaribisha chakula cha Ijumaa. Ijumaa ya kwanza hakuja. Ya pili alikuja.

Safari ya kurudi niliimaliza kwa mawazo. Nilikuwa nikidhani hiari ni neno la mwisho wa hati, kumbe ni hali ambayo mtu huweza kuwa nayo leo na kesho asiwe nayo. Sheria ilichelewa sana kuliona hilo, lakini iliona.

Wiki ya tatu baada ya kufika Tanga, jirani aliniita nishuhudie saini ya mama yake, bikizee wa mtaani kwetu, akimpa mwanawe huyo shamba. Zamani ningechukua kalamu. Safari hii niliwaomba wote watoke nje, nikafunga mlango, nikakaa naye mkekani.

"Bibi, wewe mwenyewe unataka nini?"

Alinitazama, kisha akacheka hadi akafuta machozi kwa upindo wa kanga.

"Nataka kumpa," alisema. "Lakini nusu."