Tarakea Haisikiki

Siku yangu ya kwanza kazini Moshi, mkuu wa kituo cha mawasiliano, mzee aliyefunga tai hata Jumamosi, alinionyesha redio ya upepo akasema, "Binti, zahanati za Rombo zinakutegemea. Hapa hakuna kusinzia."

Mlima umesimama kati ya Moshi na Tarakea, kule Rombo. Kwa hiyo sauti tuliirusha juu hadi ionosfia, tabaka la angani lenye chembe za umeme, nalo likairudisha chini upande wa pili. Tatizo, tabaka hilo halitulii. Masafa yanayofaa asubuhi yaweza kukukatalia mchana, na mara nyingine hubadilika ndani ya dakika chache.

Mwaka wa tatu nilipanda paani kukaza waya wa antena. Kesho yake, saa tano asubuhi, Sista Apolonia, muuguzi wa Tarakea, akaita: "Moshi, nina mama hapa..." Kimya.

"Ulifanya nini kule juu?" mkuu aliniuliza.

"Nilikaza waya tu, mzee."

"Fundi ashushe antena!"

 Kisha nikawasha redio yake ndogo ya mezani, isiyotumia antena yangu, nikatafuta stesheni za mbali. Hakuna hata moja.

"Mzee, si waya. Ni jua."

Jua likilipuka, sehemu ya chini ya ionosfia hunenepa na kumeza mawimbi. Masafa ya juu humezwa kidogo tu. Nilikuwa nimemwelekeza Sista ahamie huko akinikosa. Nikahama, nikaita. Nikaita tena. Mara ya nne, sauti nyembamba ikaja: "Nakupata, Moshi. Anatoka damu, mtoto hajatoka. Naomba gari!"

Nilipiga simu ya mezani hospitali ya Rombo, gari likaondoka. Alasiri hospitali ikatujulisha: mama mzima, mtoto mzima. Nilikaa kwenye ngazi. Mkuu akaniletea chai mwenyewe.

"Ningeshusha ile antena..." alisema.

Sasa nimestaafu, niko kihambani, shamba letu la ukoo, na migomba yangu. Vijana wapima ardhi hunipa shikamoo, kisha hulalamika kwamba vifaa vyao vya setilaiti vinayumba jioni. Nawaambia ni ionosfia, wasubiri itulie.

Huniuliza pia kama naumia kuona redio zetu zimenyamaza, simu zimechukua nafasi. Siumii hata kidogo. Muuguzi wa Tarakea anabonyeza namba tu, na gari linaondoka.