Karatasi Iliyobaki Lodwar

Niliifungia karatasi ya mwenzangu kwenye sanduku la bati chini ya kitanda changu, nikatia kufuli, kisha nikapanda basi kwenda kuzunguka Kenya nzima pamoja naye. Nimeanza na hilo kwa sababu hapa Nawoitorong, mtaani kwetu Lodwar, limeshasimuliwa kwa namna nyingi, na kila anayelisimulia huniongezea ujinga kidogo. Ujinga nilionao unatosha.

Karatasi yenyewe ilikuwa ruhusa ya kusafiri. Mtu wa kambi ya Kakuma hatoki Turkana bila hiyo, na mwenzangu ni mtu wa kambi, mama kutoka Sudan Kusini mwenye kibanda cha cherehani. Sisi wanawake wa kikundi cha ususi tunasuka vikapu vya majani ya mikoma, yeye anavitia kitambaa ndani na kuviuza kule Kakuma. Miaka sita tumefanya kazi hivyo. Nikienda kwake tunakunywa chai kikombe kimoja, tunapokezana, kwa sababu kile cha pili ameshakijaza vifungo.

Kikundi kilipoamua kukodi basi la kutembea nchi, Kitale, Nakuru, Nairobi mpaka Mombasa, siku nane, mimi nilikataa. Sijui wengine wanatafuta nini mbali na kitanda chao. Mara ya mwisho kulala nje ya Lodwar ilikuwa Longech, kule ziwani, kwenye matanga, na usiku kucha nilikuwa nikijiuliza kama nimefunika mtungi. Wenzangu wananiita Mama Kufuli. Lakini mimi ndiye katibu, kwa kuwa nilimaliza kidato cha nne na mwandiko wangu unasomeka, wakasema katibu asipokwenda nani ataita majina?

Mwenzangu wa Kakuma hakuwa anakwenda kutalii. Dada yake mdogo, waliyekimbia naye wakiwa wasichana, alikuwa Nairobi na watoto wake akingoja ndege ya kumpeleka kuishi nchi ya baridi. Angeondoka Jumanne jioni. Basi letu lingefika Nairobi Jumanne mchana. Wageni waliruhusiwa kwenye hosteli yao mpaka saa tisa. Kwa hiyo mwenzangu alikuwa na saa moja, labda na nusu, ya kumuaga mtu ambaye hajui kama atamwona tena. Alikuwa amemshonea koti kwa blanketi, na ndani akatia blanketi jingine.

"Hiyo nchi ni friji," aliniambia. "Lakini nimekata kwa kukisia. Nitampunguzia pale pale mikono, sindano ninayo."

Alikuja kulala kwangu Jumapili. Akatoa karatasi kwenye kifua cha gauni akanipa. "Dada, wewe ndiye unajua kutunza. Mimi ninaweza kuiangusha hata nikipiga chafya."

Nilifurahi, siwezi kudanganya. Nikaitia kwenye mfuko wa nailoni, nikaiweka sandukuni pamoja na cheti changu cha shule na kadi za kliniki za watoto. Kwangu mimi kitu kikiwa salama maana yake kiko nyumbani. Sikuwahi kufikiria kwamba kuna kitu ambacho usalama wake ni kutoka.

Jumatatu basi lilitakiwa kuondoka saa kumi na mbili asubuhi. Likaja saa tano na tairi bovu, likatengenezwa, tukaondoka saa saba. Nilikuwa nimerudi nyumbani mara mbili kuangalia mlango. Mara ya pili jirani yangu, mama anayeuza maziwa ya mbuzi na ambaye nilimwachia kuku wangu, alisimama njiani akaniambia, "Ejok, mama, ni shwari. Mlango bado upo. Umefungwa. Sasa nenda, kabla kuku hawajaanza kukucheka."

Kiongozi wa safari alikuwa na kipaza sauti. "Kushoto kwenu," anasema, basi zima linaegemea kushoto, na kushoto ni ule ule mgunga tunaoujua tangu kuzaliwa. Mwenzangu alinipa kiti cha dirishani. Koti alilipakata kama mtoto.

Saa kumi, mbele kidogo ya njia ya kwenda Katilu, kulikuwa na kizuizi. Askari kijana akapanda, mpole, akaomba vitambulisho. Mwenzangu akanigeukia na kunyoosha mkono, bila hata kuacha kuongea na yule wa nyuma. Mimi nikafungua mkoba. Na mkono ulipoingia mkobani nikaliona sanduku, nikaiona kufuli, nikauona mfuko wa nailoni umelala juu ya cheti changu.

"Iko wapi?" akaniuliza.

"Nyumbani."

Akacheka. Alidhani ni zile zangu za kuwaza nyumbani kila saa.

Kiongozi alimsihi askari, mwenyekiti akasihi, mimi nikasihi mpaka nikaanza kurudia maneno. Askari alisema hana ubaya na mtu, lakini karatasi ni karatasi, aifuate. Hakukosea. Wakasimamisha gari la kurudi Lodwar lililokuwa na nafasi moja mbele, na juu ya magunia pia mtu angeweza kukaa. Nikampa ufunguo. Alishuka na kanga yake na lile koti tu, kisha akarudi hatua mbili mpaka mlangoni.

"Utakuja?" akasema.

Hakuniomba. Aliniuliza kama mtu anavyouliza kama mvua itanyesha. Na mimi, ambaye tangu asubuhi nilikuwa natafuta sababu yoyote ya kurudi nyumbani, nilisema, "Nikirudi nani atampelekea dada yako koti? Nitamwona kwa niaba yako."

Alinipa koti. Dereva akawasha gari.

Nilijiambia ni kweli. Hata leo ukiipima ni kweli: hata ningeshuka nisingebadilisha saa. Alifika Lodwar jua linazama, jirani yangu akamsaidia kufungua, wakaipata karatasi mahali pake, safi kabisa. Basi la Nairobi alikuwa amepishana nalo njiani. La kesho yake lingemfikisha Nairobi baada ya dada yake kuondoka. Alilala kwangu, kwenye kitanda changu, peke yake, asubuhi akarudi Kakuma. Hayo yote nilikuja kuambiwa. Wakati huo mimi nilikuwa dirishani, na nitasema ukweli: tulipoanza kupanda milima ya kuelekea Kitale, baridi ikaingia na kila kitu kikawa kijani, nilifurahi. Dakika kumi hivi. Nilisahau kabisa.

Jumanne tulipita Nakuru bila kusimama, wenzangu wakakubali kuliona ziwa kwa mbali ili mimi niwahi. Saa nane na nusu nilikuwa kwenye geti la hosteli. Dada mtu akatoka mbio, anafanana naye mpaka hatua, na hakunitazama. Alitazama nyuma yangu.

"Amebaki kwenye gari?"

Nilikuwa nimejiandaa tangu Kitale. Nilikuwa na maneno kama matatu mazuri. Yaliyotoka ni haya: "Polisi walimzuia."

Akawalaani polisi kwa Kiarabu cha Juba, halafu kwa Kiswahili ili nami nifaidi. Niliitikia kwa kichwa kama shahidi. Kisha akalivaa koti. Mikono ilipita vidole, ikaning'inia. Akaitazama, akaikunja mara moja, ikafunguka, akaikunja tena.

"Angekuwepo angenipimia," akasema.

Mimi nimesuka vikapu maisha yangu yote, lakini sindano sikuwa nayo. Saa tisa akaitwa ndani.

Baada ya hapo tulitembea nchi. Mombasa niliiona. Bahari ni kubwa, na wenzangu walipiga kelele wakaingia na nguo zao. Mimi nilikaa na mikoba. Picha nilipigwa, niko katikati, nacheka. Mtu asiyejua atasema huyu mama alistarehe.

Niliporudi nilimpigia mwenzangu simu, hakupokea. Wiki ya pili nikachukua vikapu nikaenda Kakuma. Alikuwa kwenye cherehani, hakusimamisha gurudumu.

"Ulimwona?"

"Nilimwona."

"Koti?"

"Mikono ilizidi."

Hapo akasimama. "Nilijua," akasema. Akakata uzi kwa meno. "Mdogo wangu aliniambia kwa simu polisi ndio walionizuia. Nikamwambia ndiyo, ni polisi."

Aliingia ndani akaniletea chai kwenye sinia, kikombe changu peke yangu, na sukari pembeni kwenye bakuli, kama anavyomletea mgeni wa ofisi. Nikainywa yote, nikamwomba msamaha kwa ile karatasi. Vikapu akavihesabu, akanishukuru kwa adabu, akanisindikiza mpaka barabarani.

Jioni hiyo nilimsimulia jirani yangu tukiwa nje, yeye anasuuza vibuyu vyake. Nilimwambia nimeomba msamaha kwa sababu ya karatasi. Nikamweleza habari ya saa, ya basi alilopishana nalo, kwamba kushuka kwangu kusingemsaidia kitu mtu yeyote, na kwamba koti angalau lilifika. Nilieleza vizuri, kidato cha nne kinasaidia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akamwaga maji.

"Karatasi ulisahau, sawa, kila mtu anasahau," akasema. "Lakini kushuka kwenye basi hukusahau. Hiyo ulikataa."